Kumwatamisha kuku wa kienyeji: kutoka yai la bandia hadi kifaranga wa wiki nne

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu walioanza kufuga kuku wachache nyuma ya nyumba ni hili: "Kuku wangu wanataga vizuri tu, mbona hawaatamii?" Nami huwa narudisha maswali matatu kabla sijajibu. Ni kuku wa aina gani? Mayai unayaokota yote kila siku? Wanatagia wapi? Mara nyingi mtu akimaliza kujibu la tatu keshajua mwenyewe kosa liko wapi.

Kuku hashurutishwi kuatamia. Huwezi kumkamata, ukamkalisha juu ya mayai, ukamfunika kwa tenga na kutegemea asubuhi awe mama. Kinachomkalisha ni homoni iitwayo prolaktini, ambayo hupanda mwilini mwake taratibu kadiri mayai yanavyoongezeka kiotani na yeye akiyahisi chini ya tumbo, mahali penye giza na utulivu. Ikishapanda, anaacha kutaga na hamu ya kula inapungua. Kazi yako ni kuandaa mazingira hayo, halafu umwache. Hiyo sehemu ya kumwacha ndiyo inayotushinda wengi.

Hatua ya 1: Chagua kuku mwenye asili ya kuatamia

Kuku wa kisasa wa mayai mwache. Hao walichaguliwa kizazi baada ya kizazi ili wasiatamie, maana kuku aliyelalia mayai hatagi. Chotara kama Kuroiler na Sasso nao wamerithi kiasi kikubwa cha tabia hiyo. Utampata mmoja mmoja anayekaa, lakini wengi huinuka siku ya nane au ya kumi na kukuachia mayai yamepoa. Wafugaji wa Kenya wenye kienyeji walioboreshwa wa KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la huko) hukutana na jambo hilo hilo. Sisemi usiwafuge. Mimi ninao, na mayai yao nayaweka chini ya kuku wa kienyeji, ambaye habagui mayai.

Kuku wa kienyeji ndiye fundi wa kazi hii. Kwa kawaida hutaga mayai 10 hadi 15 hivi, kisha anataka kukaa. Kwa uzoefu wangu kuku mwenye umbo la wastani au dogo, wa aina ya Ching'wekwe, hulalia vizuri kuliko Kuchi. Kuchi ni mzito na miguu yake mirefu, akiingia kiotani kwa pupa anavunja. Methali inasema kuku havunji yai lake, lakini aliyeitunga nadhani hakuwa na Kuchi.

Usianze na tembe anayetaga kwa mara ya kwanza. Wapo wanaofanya vizuri, ila wengi bado wanajifunza. Chukua koo aliyekwisha kutaga angalau awamu moja. Mshike, mpapase kifuani: kama mfupa wa kifua umechongoka kama kisu, amekonda, na hatamaliza siku 21 akiwa salama, kwa sababu katika siku hizo atakula kidogo sana. Mpe chakula cha maana kwa wiki mbili tatu kwanza. Dawa ya minyoo na chanjo ya mdondo (kideri) zifanyike kabla hajakaa. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 ni tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi 3, kwa hiyo angalia kalenda yako usije ukaiangukia katikati ya kuatamia.

Kama kuku umemnunua jana mnadani, usimtegemee mwezi huu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba si ya mguuni tu. Anahitaji kuzoea jogoo, wenzake na pembe za banda ndipo ajisikie yuko kwake.

Jogoo mmoja atosha kwa majike 8 hadi 10. Asiwe ndugu yao. Kama umekuwa ukiacha majogoo waliozaliwa hapo hapo wapande dada na mama zao, badilishana jogoo na mfugaji wa mtaa mwingine. Hiyo ni dawa rahisi ya mayai yasiyo na mbegu na vifaranga dhaifu.

Hatua ya 2: Kiota

Kuku anatafuta vitu vitatu: giza, faragha, na ukuta mgongoni. Ndiyo maana unamwekea boksi zuri katikati ya banda na yeye anakwenda kutaga nyuma ya magunia ya mkaa. Usigombane naye. Angalia anakopenda, uige.

Ukubwa wa sentimita 35 kwa 35, na kimo kama hicho, unatosha. Tumia tenga, boksi la mbao, karai lililotoboka, au ndoo ya lita 20 iliyolazwa na kukingwa kwa matofali isiviringike. Boksi la karatasi ngumu linafaa kwa awamu moja tu, kisha lichome, maana utitiri hujificha kwenye mikunjo yake.

Chini kabisa weka udongo mkavu uliochekechwa, unene wa vidole vinne, na uubonyeze katikati uwe kama bakuli. Umbo hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kiota kikiwa bapa, mayai ya pembeni huteleza nje ya mwili wa kuku na kupoa. Kikiwa na shimo refu mno, yanarundikana na kupasuana. Juu ya udongo nyunyiza majivu ya kuni, kisha tandika nyasi kavu zilizokatwakatwa au maranda. Nyasi ndefu usiweke, kuku akiinuka kwa haraka zinamnasa kucha na yai linatoka naye.

Majivu ni kwa ajili ya utitiri na viroboto. Wengine huongeza majani makavu ya mwarobaini. Mimi huweka vyote viwili, na kama banda limewahi kuwa na utitiri, nampaka kuku dawa ya unga kutoka duka la dawa za mifugo siku mbili tatu kabla hajapewa mayai: chini ya mbawa, kwenye mapaja na kuzunguka mkia. Kuku anayeumwa na wadudu usiku kucha hakai, hata angekuwa na moyo wa mama namna gani. Siku moja nilimlaumu kuku wangu kwa kuacha mayai. Nilipoinua nyasi mkono wangu ukafunikwa na vidoa vyekundu vinavyotembea, nikamwomba radhi kimoyomoyo.

Kiota kiwe chini au kimo cha goti tu, kusudi vifaranga wasianguke. Kiwe kivulini kweli kweli. Banda la bati bila dari, saa nane mchana ya Februari, linaweza kumuua kuku aliyekaa kabla mayai hayajafika popote.

Hatua ya 3: Mwachie kitu cha kuhesabu

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Unaokota kila yai linalodondoka, halafu unashangaa kuku anaendelea kutaga bila kukaa. Hajafikia hesabu yake. Lakini ukimwachia mayai yake halisi, yale ya kwanza yatakuwa na wiki mbili kiotani, yamepata joto na kupoa mara kadhaa kila kuku anapoingia kutaga, na yatakufa au kuoza.

Suluhisho ni mayai ya bandia. Okota ya kweli kila siku, acha ya bandia manne au matano. Mpira wa gofu unafaa ukiupata. Fundi seremala anaweza kukuchongea ya mti. Mimi natengeneza mwenyewe: natoboa yai kwa msumari juu na chini, napuliza lililomo likatoka (tunakaanga), nasuuza ganda na kuliacha likauke siku nzima. Kisha naziba tundu la chini kwa gundi ya karatasi, na kumimina unga wa jipsamu uliokorogwa kama uji mwepesi kwa kutumia bomba la sindano. Likishakauka, kuku haoni tofauti. Simenti nimejaribu pia, ila inakuwa nzito na siku nikisahau kuitoa inavunja mayai halisi. Usichemshe yai ukaliweka kama bandia. Litaoza, na likipasuka chini ya kuku utahama nyumba.

Wiki moja hadi mbili baada ya kuanza utaratibu huu, kuku mwenye asili ya kuatamia huanza kubadilika.

Hatua ya 4: Mayai ya kutotolesha yakusanye huku ukisubiri

Okota mara mbili kwa siku, hasa wakati wa joto. Andika tarehe kwa penseli juu ya ganda. Kalamu ya wino usitumie. Chagua yai la ukubwa wa kawaida, ganda lisilo na vinundu wala nyufa, umbo lake la kawaida. Yai kubwa kupita kiasi huenda lina viini viwili na halitotoi. La duara kama mpira na lile jembamba kama kidole, peleka jikoni. Lenye kinyesi kikavu kidogo likwangue kwa kitambaa kikavu. Usilioshe, ganda lina utando unaozuia vijidudu, na maji yanauondoa.

Panga kwenye trei ncha nyembamba ikiwa chini. Upande butu una mfuko wa hewa ambao kifaranga atautegemea siku za mwisho. Friji ni baridi mno. Mahali pazuri ni pale penye ubaridi wa asili ndani ya nyumba: sakafuni karibu na mtungi wa maji, chini ya kitanda chumba kisichopigwa na jua. Iringa au Mbeya yatakaa siku 7 hadi 10 bila shida. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa msimu wa joto, mimi sizidishi siku 5, kwa sababu joto la chumba pekee linatosha kukianzisha kiini kukua kidogo kidogo bila nguvu ya kuendelea, na kinakufa kabla kuku hajakaa. Kama yanazidi siku tatu, inamisha trei upande mmoja asubuhi na upande wa pili jioni.

Hatua ya 5: Mjue anayetaka kweli, kisha mjaribu

Kuku wa kuatamia hana siri. Anakaa kiotani muda mrefu baada ya kutaga, na usiku hapandi juu kulala na wenzake. Ukimkaribia anajitanua kama mkate kwenye tanuri, manyoya yanasimama, anatoa mngurumo mzito na kukudonoa. Akishuka chini anatembea akiwa amejivimbisha, analia kok-kok-kok mfululizo kana kwamba tayari ana watoto, na kinyesi chake ni bonge kubwa lenye harufu ya kukufanya ugeuze uso. Ukimpapasa kifuani utakuta amejinyonyoa manyoya, ngozi iko wazi na ina joto. Ngozi hiyo ndiyo itakayogusa mayai.

Usimpe mayai siku hiyo hiyo. Mwache na ya bandia kwa siku tatu, na usiku wa tatu mwinue taratibu. Akirudi mwenyewe na kuyasukuma chini ya kifua kwa mdomo, amekubali. Akiruka kwenda kupanda juu, alikuwa anapumzika tu.

Hatua ya 6: Mhamishe usiku, mpe mayai usiku

Kama kiota alichochagua kinatumiwa na kuku wengine, lazima umhamishe. Usipomhamisha, kila siku wenzake watamsukuma na kutaga juu ya mayai yake, na mwishoni utakuwa na mayai 20 ya umri tofauti na kuku mmoja aliyechanganyikiwa.

Kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya hapa. Kuku alikuwa amekaa siku ya tano kwenye mayai 12. Nikaona panya amepita, nikaamua kumhamisha saa nne asubuhi, nikabeba tenga zima pamoja na yeye hadi stoo. Nilipoweka chini, akaruka, akatoka mlangoni, akarudi kwenye ile kona ya zamani na kulalia sakafu tupu. Siku mbili nzima alilalia sakafu! Mayai yalipoa stoo hatua kumi na tano kutoka alipokaa.

Siku hizi nafanya saa mbili usiku, bila taa, au kwa tochi iliyofunikwa kitambaa. Namwinua kwa mikono miwili kutoka chini, mbawa zikiwa zimebanwa, namweka juu ya mayai ya bandia kwenye kiota kipya, nafunika tenga na gunia, na simfungui hadi kesho yake jioni. Akishatulia usiku wa pili, ndipo natoa ya bandia na kupenyeza mayai halisi mojamoja chini ya kifua, kiganja kikiwa juu kumkinga asidonoe. Anatoa ule mngurumo, anajinyanyua kidogo, analiviringisha ndani.

Mangapi? Kuku wa kienyeji wa wastani 10 hadi 12, mkubwa 13. Mtihani wake ni rahisi: ukimtazama kwa mbele na kwa nyuma usione yai hata moja. Ukiona moja, ni moja la ziada, na si hilo moja litakaloharibika. Anayageuza na kuyahamisha, kwa hiyo kila siku litapoa jingine. Bibi yangu alisisitiza idadi iwe witiri (isiyogawanyika kwa mbili), na aliweka kipande cha mkaa kiotani ili radi isiue mayai. Mkaa sijaweka miaka mingi na vifaranga wanatoka. Witiri nimeendelea nayo, sijui kwa nini.

Weka alama ya penseli kwenye kila yai, yote yaingie usiku mmoja. Andika tarehe ukutani. Ukiyaweka Jumatatu usiku, tazamia vifaranga Jumatatu ya tatu baada ya hiyo.

Hatua ya 7: Siku 21 za kutoingilia

Weka maji na chakula mita moja au mbili kutoka kiotani, vyombo visimwagike. Punje nzima ndizo nzuri kipindi hiki: mahindi, mtama, uwele. Zinakaa tumboni na kinyesi kinakuwa kikavu. Atatoka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 30, atakula, atakunywa, ataoga vumbi, atakunya lile bonge, na kurudi. Hapo ndipo uangalie kiota haraka: yai lililovunjika, yai lisilo na alama yako, unyevu, siafu. Yai geni litoe siku hiyo hiyo.

Wapo kuku wenye bidii ya kupindukia wasiotoka kabisa. Ukiona siku mbili chakula hakijaguswa, mtoe mwenyewe jioni, mweke mbele ya maji, simama mlangoni. Kuku hufia kiotani, si hadithi.

Msimu wa kiangazi, hewa ikiwa kavu kama ya Dodoma au Singida kuanzia Juni, yai hupoteza maji mengi kupita kawaida na utando wa ndani unakuwa mgumu kama ngozi. Ule udongo uliouweka chini ya nyasi una kazi yake sasa: siku za mwisho mwisho, kuku akiwa ametoka kula, nyunyizia udongo wa pembeni mwa kiota maji kidogo ya uvuguvugu. Mayai yenyewe usiyalowanishe.

Siku ya 7, usiku, pima kwa mwanga. Tochi ya simu inatosha. Chukua kipande cha boksi gumu, toboa tundu dogo kuliko yai, weka juu ya tochi, na shikilia upande butu wa yai kwenye tundu. Yai hai lina doa jeusi na mishipa myekundu iliyotawanyika kama miguu ya buibui, na ukitulia utaona doa linatikisika. Yai lisilo na mbegu linaangaza lote, la manjano, kama siku ya kwanza. Lenye mduara mwekundu au mstari wa damu bila mishipa lilianza likafa. Yatoe ya aina hizo mbili. Ganda la kahawia huficha sana, kwa hiyo ukiwa na shaka lirudishe na upime tena siku ya 14, ambapo lililo hai litakuwa giza karibu lote isipokuwa mfuko wa hewa juu. Linalocheza maji kama kiberiti kitupu na kunuka ni viza. Libebe kama unabeba bomu.

Baada ya siku ya 18 usiguse mayai. Vifaranga wanajipanga ndani, midomo ikielekea kwenye mfuko wa hewa.

Hatua ya 8: Kutotoa

Siku ya 20 usiku, ukitega sikio karibu na tenga, utasikia milio midogo kutoka ndani ya mayai, na kuku akiwajibu kwa sauti ya chini ambayo hajawahi kuitoa kabla. Kisha unaona kijitundu kama kichwa cha pini. Kutoka tundu hilo hadi kifaranga kutoka kunaweza kuchukua saa 24, na mengi ya saa hizo amelala tu, anavuta hewa na kumalizia kufyonza kiini na damu iliyobaki kwenye utando. Ukimbandua ganda kwa huruma anatoka na kitovu wazi, anavuja damu, anakufa mkononi. Nimemuua mmoja hivyo na mtoto wangu akiwa anatazama.

Kiini alichofyonza kinamtosha siku mbili bila kula wala kunywa, kwa hiyo mama akiendelea kukaa akisubiri waliochelewa, usihangaike. Jambo la hatari ni kinyume chake: waliotoka mapema wanaanza kuzurura, mama anawafuata, na mayai yaliyopasuka tundu yanapoa. Ukiona hivyo, wachukue waliokauka, waweke kwenye boksi lenye kitambaa na chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, uwarudishe chini ya mama usiku. Siku ya 23 ikipita, yaliyobaki yafukie. Choma nyasi zote za kiota.

Hatua ya 9: Wiki nne ambazo ndizo hasara ilipo

Watu wanahesabu waliototolewa. Mimi nahesabu waliofika wiki ya nne, kwa sababu nimewahi kutoka na vifaranga 11 na kubaki na watatu. Mwewe alichukua, paka wa jirani alichukua, wawili walizama kwenye beseni la kufulia, mmoja alikanyagwa, mvua ikamaliza kazi. Ukifika pwani, ongeza kunguru.

Mama asizurure nao. Wafungie kwenye uzio mdogo au tenga kubwa lenye sakafu kavu. Wavu uwe na matundu madogo, kwani nguchiro na nyoka hawahitaji mlango. Maji yawe kwenye kisahani chenye kokoto, kifaranga anywe kati ya mawe asizame. Chakula cha vifaranga cha dukani kwa wiki za mwanzo ni gharama inayolipa. Kama hakipo, mchanganyiko wa nyumbani ni chenga laini za mahindi na pumba, pamoja na dagaa waliotwangwa, mchwa, majani ya mchicha yaliyokatwakatwa. Wape wao kwanza mahali ambapo mama hafiki, kwa mfano chini ya tenga lenye nafasi za kupita kifaranga tu, la sivyo mama mwenye njaa ya siku 21 atamaliza yote.

Chanjo ya kwanza ya mdondo isichelewe. Mwulize mtaalamu wa mifugo wa kata yako ratiba anayotumia, pamoja na ya gumboro na ndui, kwa sababu mdondo ukipita mtaani hauachi kifaranga wala jogoo.

Ukitaka mama arudi kutaga mapema, mnyang'anye vifaranga wakiwa na wiki mbili hadi nne na uwahamishie kwenye kinengunengu (kizimba cha kulelea vifaranga) chenye taa au jiko la mkaa. Joto la kifaranga wa wiki ya kwanza ni nyuzi 32 hadi 35, ukipunguza kama 3 kwa kila wiki ya umri wake. Wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia kingoni na kuhema wana joto, wakitawanyika na kulala kila mahali umepatia. Jiko la mkaa liwe na hewa ya kutosha, moshi wake huua vifaranga. Wapo wanaomwekea kuku mayai mapya siku ile ile anaponyang'anywa vifaranga, ili aatamie tena mfululizo. Anaweza. Mara moja nimefanya, na kuku yule alitoka amebaki manyoya na mifupa. Sirudii.

Ukiwa na kuku watatu au wanne wanaotaka pamoja

Hii ndiyo mbinu inayofaa zaidi kwa nyumba yenye kuku kumi na kitu. Wa kwanza akianza kukaa, mzuie na mayai ya bandia. Wa pili akianza wiki inayofuata, vivyo hivyo. Usivuke wiki mbili za kumsubirisha wa kwanza, anachoka na kukonda. Kisha wape wote mayai usiku mmoja. Siku ya 7 ukipima na kutoa yasiyo na mbegu, kusanya yaliyo hai kwa kuku wawili, yule aliyebaki mikono mitupu mpe mengine. Vifaranga wakitoka siku moja, unaweza kumkabidhi kuku mmoja hadi 20 awalee wakati wa joto. Wapenyeze chini yake usiku, asubuhi hatajua nani wa kwake. Akiona tofauti ya rangi mchana kweupe anaweza kuwadonoa.

Mayai ya kanga na ya bata wa kawaida atayalalia vilevile, lakini hayo ni siku 28 hivi, kwa hiyo usiyachanganye na ya kuku bila kutanguliza yale wiki moja.

Na yule asiyetakiwa kukaa

Kuna wakati kuku anaatamia na wewe huna mayai, au mvua za masika zimeanza na huna pa kuwaweka vifaranga. Kumtumbukiza kwenye maji baridi au kumfunga unyoya puani ni mateso tu. Mweke kwenye kizimba chenye sakafu ya fito au wavu, kilichoinuliwa, chenye mwanga na hewa ikipita chini ya tumbo, pamoja na chakula na maji. Siku tatu hadi tano tumbo linapoa na hamu inaondoka.

Kuku wangu mwekundu, yule aliyelalia sakafu tupu siku mbili, mwaka huo huo alikuja kutotoa 10 kati ya 11. Niliwachukua vifaranga wakiwa na wiki nne. Kwa siku kadhaa alizunguka uani akiwaita, kisha akanyamaza, shungi likaanza kuwa jekundu tena. Asubuhi moja nikamkuta amerudi kwenye ile kona nyuma ya magunia, amekalia mayai mawili ya jipsamu niliyoyasahau pale, na kando yake yai moja la kweli, bado la moto.